Jani Lililotafunwa

Jumatano, baada ya isha

"Wazuri, mama." Ndivyo nilivyojibu, Mungu anisamehe.

Mama alipiga simu kutoka Mitole leo alasiri. Hapa Mchinga simu zangu nazipokea sebuleni, nimeweka spika, mama mkwe akisikia. Ndiyo amri ya mume wangu Saidi tangu anioe, na kwetu sijakanyaga tangu harusi.

Kumbe mdogo wake Saidi amepeleka posa kwa mdogo wangu, Zuhura.

"Wewe uko humo ndani, mwanangu," mama akasema. "Watu hao wakoje?"

Mama mkwe akaacha kuchambua kisamvu, akanitazama.

Wazuri!

Na asubuhi nilisimama mbele ya kidato cha pili nikiusifu mmea. Kiwavi akitafuna jani moja, nikawaambia, jani hilo hupeleka ishara hadi kwenye majani ya mbali, nayo huanza kutengeneza sumu ya kujikinga kabla kiwavi hajayafikia.

Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, lile lililotafunwa linapona?"

"Haliponi. Linayatahadharisha mengine tu."

Nikafuta ubao, nikarudi huku. Mmea hauna mdomo. Mimi ninao, na nimeutumia kuwasifia watu hawa.

Naogopa. Saidi akijua nimesema kweli ataniachisha kazi, na shule ndiyo mahali pekee ninapotoka kwenda. Nikikosa hata hiyo...

Kesho nitaazima simu ya mwalimu mwenzangu. Sitamwomba mama aje kunichukua. Nitamwambia Zuhura akatae.