Mpira Ulioruka Tenki la Maji

Mpendwa Kaka Mbwana,

Umeshinda, lakini bado sikubali. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungenikatiza kabla sijafika mbali, kama ulivyozoea kunikatiza ndani ya basi la hoteli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine hewani, abiria wote wakitusikiliza bila kuelewa neno.

Unakumbuka kile kiwanja cha mchanga nyuma ya makazi yetu? Siku hizi pana jengo la maofisi. Zamani zile kule Uarabuni, kile kisiwa cha kifahari cha Pearl bado kilikuwa winchi na vumbi, na wewe ulikuwa dereva wa wafanyakazi, mimi nikitandika vitanda hoteli ya Al Sadd. Wafilipino wa jikoni ndio waliotuletea besiboli. Mlikuwa mnacheza Ijumaa asubuhi, majira ya baridi, mimi nikiwa ukingoni na chupa ya chai. Sheria yetu haipo popote pengine duniani: adhana ya Ijumaa ikilia, gongo la kupigia mpira chini. Mchezo umekwisha ulipofikia. Waislamu mbio bombani kutia udhu, wengine wanakusanya mipira.

Kwa sababu ya sheria hiyo ndipo likazaliwa lile jina, mtu wa adhana. Yaani yule mpigaji ambaye dakika zikiwa zimekwisha, kila mtu kashika kichwa, yeye ndiyo kwanza mkono unatulia. Wafula, yule askari wa Bungoma, alisemekana kuwa mtu wa adhana. Wewe ukasemekana kuwa kinyume chake. Misimu miwili mfululizo fainali ilikuishia mikononi: mpira umerushwa, umepiga hewa, mara ya tatu, na anayekosa mara tatu hutoka, na muadhini huyo anaanza. Wakakubandika jina la Bado Kidogo. Mpaka wapishi wa Kinepali walilijua.

Jina halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba uliliamini. Uliniambia kwa sauti ya chini, tukila wali wa baridi, "Mwanaidi, moyo huo wa mtu wa adhana upo kweli. Wengine wamepewa. Mimi sikupewa."

Nilikasirika hasa. Nikakwambia moyo huo haupo, na kama upo haupimiki, kwani fainali zenyewe ni chache mno. Hata mpigaji hodari hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Ukikosa siku mbili ambazo watu wanatazama, basi umepewa jina la maisha? Ukacheka ukasema nimesoma sana.

Ndipo Ijumaa moja nikaja na vizibo vya soda. Nikampa kila mchezaji kimoja, nikawaambia mrushe, kikianguka uso juu umepiga, kikianguka uso chini umekosa na unatoka. Raundi chache tu, mmoja wenu kizibo chake kikawa hakikosei. Mkamshangilia, mkasema ana moyo. Nikawaambia ngojeni Ijumaa ijayo. Ikafika, mkarusha tena, na yule bingwa akawa wa kwanza kutoka. "Sasa moyo wake umeenda wapi?" niliuliza. Wafula ndiye aliyejibu.

"Sista, hiyo kizibo yake ilikuwa fiti," alisema. "Ni yeye ndiye aliiharibu. Nipe mimi niiweke."

Na akaiweka kweli, mfukoni, kwa ajili ya bahati! Nilitamani kulia. Lakini Kuya Rene, yaani kaka Rene kwa lugha ya Wafilipino, nahodha wenu, mpishi wa supu, alikuwa ananitazama bila kucheka.

Halafu ikaja fainali yako ya mwisho. Tiketi ya kurudi Tanga ilikuwa imeshakatwa, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: usipande ndege ukiwa Bado Kidogo. Tulikuwa sare na ile timu ya hoteli ya jirani, na sare ingewaachia wao kombe walilokuwa wakilishikilia, lile birika la kahawa la shaba lenye mdomo uliovunjika. Mwenzetu mmoja yuko kituo cha tatu, akingoja tu mtu apige ili akimbie nyumbani, pale anaposimama mpigaji, atupatie pointi. Zamu yako. Spika za msikiti zimeanza kukoroma.

Wafula alisogea, tena kwa upendo. "Buda, hii niachie mimi. Hutaki kwenda home na hiyo kitu kichwani."

Na wewe, kaka, ulianza kumkabidhi gongo. Nilikuona. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, "Zamu ni yako! Piga kama Ijumaa yoyote!" Kuya Rene akatia mkono mfukoni, akatoa kizibo chake cha soda, akakuonyesha, akakirudisha. "Mafi mushkila, Mbwana," alisema, hakuna shida kwa Kiarabu chetu cha jikoni. "Yalla, haya."

Ukalivuta gongo kutoka mkononi mwa Wafula, ukasimama. Ukapiga hewa. Ukapiga hewa tena. Mimi nimeziba macho kwa mtandio lakini naona kila kitu. Wa tatu ukaugonga, na mlio wake bado ninao masikioni. Ukapita chinichini kati ya watu wawili, ukaenda kugonga tairi la tenki la maji lililoegeshwa pembeni. Mwenzetu akafika nyumbani, na muadhini akaanza. Nililia, nikacheka, nikamwaga chai yote. Na neno lako la kwanza, umesimama kwenye vumbi mikono juu, likawa nini? "Umeona, Mwanaidi? Moyo upo! Na mimi ninao!"

Nilikwambia mara moja haithibitishi kitu. Tuligombana hadi uwanja wa ndege, birika liko mapajani mwako.

Sasa sikia. Tulipokuzika, jioni wanaume walikaa barazani wakinywa kahawa kutoka birika lile lile, mdomo wake uliovunjika ukiwamwagia vidole. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya mpira ule. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za kupiga hewa. Ndiyo hoja yangu yote tangu mwanzo: watu hukumbuka kilichogonga, wanasahau vilivyokosa, halafu wanakiita moyo. Nilikuwa na ushahidi mbele yangu, umekaa mkekani.

Mwanao wa mwisho akanigeukia. "Shangazi, wewe ulikuwepo. Mpira ulifika wapi?"

Nilitaka kumwambia tairi. Nikakumbuka ulivyolichukua gongo lile kutoka mkononi mwa Wafula kabla mpira haujarushwa, na hakuna kizibo kinachoweza kupima jambo hilo.

"Uliruka tenki la maji," nilisema. "Ukavuka barabara. Hawakuuona tena."

Pumzika, kaka. Tutabishana tukikutana.

Mdogo wako asiyesadiki,
Mwanaidi