Tundu la Jikoni

Salma mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Nyakabiga. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila babu yako miguu inamsumbua. Ramani yako ya jiko jipya tumeiona, na mama yako ameipenda sana. Unauliza lile tundu ukutani ni la nini, na kama unaweza kuliziba uweke kabati.

Babu yako alilitoboa wakati wa vita, mama yako akiwa bado mtoto. Kutoka kwenda barabarani kulikuwa hatari, kwa hiyo mimi na Konsesa, jirani wa nyuma ya ukuta ule, tulipitishiana chakula hapo. Ramadhani nilimpa sambusa, naye alirudisha sahani ikiwa na ndizi au maharage. Nilipomwambia asijisumbue, alicheka. "Apana, dada. Mi siwezi kukurudishia sahani tupu."

Asubuhi moja nilimwita, hakuitika. Yeye na watu wake walikuwa wamekimbia usiku, na mpaka leo sijapata habari zao. Sahani yangu niliikuta tunduni, imefunikwa kwa kitambaa. Nikafunua, nikaona chumvi kidogo, haijai hata kijiko. Nadhani ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki jikoni kwake.

Basi weka vigae, weka sinki, na kabati liweke upande wa dirisha. Waliohamia kwa Konsesa wameshaziba upande wao kwa saruji. Upande wetu niachie, mwanangu. Zamu ya kupeleka sahani ni yangu.

Bibi yako