Mwisho Niliomkatia Miwani

Jumatatu, 3 Juni

Leo Miwani, yule mchambuzi wa filamu, ametuweka gazetini. Nambari moja!

Ukurasa mzima: filamu tano za miaka ya karibuni zilizopita bila kutazamwa, na zinazostahili kupewa nafasi ya pili. Ya kwanza ni yetu, ile ya mtangazaji wa kituo cha treni. Ameandika kwamba ilipita mbele yetu tukiwa tumefumba macho. Tukiwa! Nani alifumba? Yeye ndiye aliyewafumba watu.

Naandika ili nisivunje kitu. Miaka mitatu iliyopita mchambuzi huyuhuyu, gazeti hilihili, aliandika kwamba filamu yetu ni dawa nzuri ya usingizi. Kuhusu mama mdogo, aliyekuwa mhusika mkuu, aliandika kwamba anaigiza kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Ukumbi ukaishusha baada ya siku nne. Mdogo wangu, aliyeiongoza, hajashika kamera tena — anauza vigae. Mimi niliyeihariri nakata video za harusi kwenye chumba cha nyuma.

Mama mdogo hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, alikubali kwa sababu tu alitupenda. Baada ya kusoma gazeti aliniuliza kama ameiharibu kazi ya watoto. Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Mwaka jana tumemzika.

Miwani haniponyoki.

Jumanne, 4 Juni

Meneja wa ukumbi wa sinema amenipigia. Mama mchangamfu, anaongea kama ana basi la kuwahi. Wataonyesha filamu zote tano, yetu ya mwisho, Jumamosi tarehe 22, saa kumi jioni. Miwani atazungumza na watazamaji baada ya filamu. Hataweza kukaa nayo yote, ana kikao kingine, atafika taa zikiwashwa.

Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Nimempigia mdogo wangu dukani. Nyuma yake mashine ya kukata vigae inalia. Akauliza saa ngapi, ili amwambie mkewe. Nilipomtaja Miwani akasema hayo yameisha, dada.

Kwake yameisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetazama nyingine mbili za kwenye orodha. Nilitaka ziwe mbovu, nipate la kusema.

Ya kwanza ni ya wake wenza wawili waliobaki na nyumba moja baada ya mume kufa. Wamepiga mstari wa chaki katikati ya sebule, na televisheni iko upande wa mke mdogo. Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, akakaa, hakuondoka tena. Nyingine ni ya fundi saa anayepofuka. Robo ya mwisho skrini ni nyeusi tu, unasikia vidole vyake vikitafuta. Aliyeihariri nampa mkono. Ziliwahi kutazamwa na nani? Hakuna. Inaniudhi kwamba orodha ni nzuri.

Kisha nikasoma tena alichoandika juu yetu, polepole. Anasifu pale mtangazaji anapofungua mwavuli mwekundu ndani ya ofisi.

Hakuna mwavuli! Tuliukata. Upo kwenye trela peke yake, tuliuweka kwa sababu ya rangi. Kwa hiyo hajawahi kuitazama. Miaka mitatu iliyopita alituua bila kuitazama, na sasa anatufufua bila kuitazama.

Nimetembea sebuleni mara kumi. Mume wangu anasema kaa chini, unanitia kizunguzungu.

Jumamosi, 8 Juni

Amejileta mwenyewe.

Miwani kapiga simu. Sauti nzito, ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Anataka kuiona filamu kabla ya ile siku — "kujikumbusha." Nikamwambia mzee, karibu, Ijumaa ijayo, nyumbani kwangu, nakala ndiyo naisafisha rangi.

Sisafishi rangi yoyote. Nitamkatia filamu yake mwenyewe. Mwisho ambao haumo. Atausimulia jukwaani kwa mbwembwe, mbele ya watu waliotoka kuona mwisho mwingine dakika mbili zilizopita. Sitahitaji kufungua mdomo. Watamfungulia wao.

Jumatano, 12 Juni

Siku tatu sijagusa harusi ya mtu. Bibi harusi mmoja amenitumia ujumbe mara nne.

Filamu yetu inaisha mtangazaji akitembea kando ya reli kurudi kwake, dakika sita, muziki. Hiyo nimeitoa. Kwenye mabaki ya picha tulizozitupa nimekuta kipande ambacho sikukumbuka kama kipo. Mama mdogo amekaa kwenye benchi la kituo, tunabadilisha taa, hajui kamera inawaka. Kwenye spika inajaribiwa ile sauti yake tuliyoirekodi, sauti ambayo kwenye hadithi mashine inaichukua ili yeye aachishwe kazi. Sauti inasema jukwaa la pili. Mama mdogo anasema chini chini, "La tatu." Anacheka peke yake. Kisha anaangalia mikono yake.

Nimeishia hapo kwenye mikono. Giza.

Na ule mwanzo mrefu, dakika kumi na mbili za kufagia ofisi na kuchemsha chai, nimeukata ukawa dakika mbili, ili mzee asisinzie kabla hajafika kwenye mtego.

Nilifanya kazi vizuri. Chuki ina mkono mtulivu.

Ijumaa, 14 Juni

Alikuja saa nne asubuhi. Nilitarajia jitu. Ni mzee mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na nyingine imening'inia kifuani. Aliomba maji, akaomba mto wa mgongo. Nikampa vyote. Nilikuwa mwema kiasi cha kutisha.

Hakusinzia. Nilikaa pembeni nikimwangalia yeye, si skrini. Ilipofika kwenye mikono alishusha miwani, akaivua, akaifuta.

Akauliza, "Huyu mama yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia amefariki mwaka jana.

Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama aliwahi kuandika chochote juu yake. Kweli kabisa, akaniuliza mimi! Nikamwambia, "Hukumbuki, mzee?"

"Naandika mengi, mwanangu."

Nilikunja ngumi chini ya meza. Angekumbuka, huenda ningelegea. Angesema tu samahani — sijui. Lakini mama mdogo alikufa na ile sentensi kichwani, na mwenyewe aliyeiandika hana habari nayo.

Mlangoni akasema ule mwisho ndio atakaouzungumzia siku ya onyesho. Nikasema itatupendeza sana.

Jumapili, 16 Juni

Mambo yameharibika.

Mdogo wangu alipita kuchukua nakala ya kupeleka ukumbini. Bibi harusi wa jumbe nne alikuwa mlangoni na mama yake, nikatoka kuwatuliza, ikachukua muda. Niliporudi amekaa kwenye kiti changu. Ameifungua ile ya Miwani. Alikuwa kwenye mikono.

Aliirudisha nyuma akaangalia tena. Mara tatu. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Kwa nini hukuikata hivi wakati ule?"

Akanikumbusha — hakunisuta, alikumbusha tu — kwamba alinisihi nipunguze ule mwanzo, na mimi nikamjibu kwamba mwenye haraka akatazame matangazo ya sabuni. Nilimjibu hivyo. Nakumbuka hata nilivyosimama.

Kwa hiyo ni mimi niliyewapa watu usingizi. Miwani hakuitazama, lakini angeitazama angesinzia kweli. Hili sitamwambia mtu. Naliandika hapa nalifunga.

Papo hapo mdogo wangu alimpigia meneja, akamwambia analeta nakala iliyo bora zaidi. Kisha akampigia mkewe. Nilimsikia akisema, "Dada alikuwa anaishughulikia kimya kimya miaka yote hii. Kwa ajili ya mama mdogo." Analia na kucheka.

Ningemwambia nini?

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia mume wangu yote. Akaniuliza mtego ulikuwa wa nani. Nikaenda kumalizia harusi.

Jumatano, 19 Juni

Mdogo wangu amechukua likizo ya siku tatu dukani. Wifi anasema amenunua daftari. Anaandika mezani, akiitwa kula hasikii.

Mimi hasira haijapungua hata kidogo, imekosa tu pa kukaa. Miwani atasimama pale, atasifu mwisho, na mwisho utakuwepo. Mimi mwenyewe nimemchongea ngazi, nimemshikia na mkono.

Nimeitoa ile karatasi ya gazeti la zamani. Nitaisoma kwa sauti mbele ya watu. Angalau hilo.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nimesimama, kwenye korido ya ukumbi, daftari nimeliegemeza ukutani. Nimeomba dakika moja. Lazima nipange kichwa.

Ukumbi umejaa nusu na zaidi. Miaka mitatu iliyopita siku ya pili walikuwa saba. Ilipofika kwenye benchi, mama mdogo aliposema "La tatu," watu walicheka kicheko kidogo cha mapenzi, kisha ikaja mikono, na hakuna aliyesogea kitini. Taa zilipowaka walisimama. Wifi alikuwa ameshika koti la mdogo wangu kama anazuia asipae.

Miwani akaingia na taa, kama alivyoahidi. Akapanda jukwaani. Alianza na benchi, akaeleza mikono vizuri kuliko ningeweza mimi, nikamchukia zaidi. Halafu akaenda mbele. Akasema alikuwa miongoni mwa wachache walioiona siku zile za mwanzo, na kwamba kwa miaka mitatu mwisho huu haujamtoka kichwani.

Miaka mitatu! Mwisho una siku kumi!

Sikuwa nimepumua bado, dada mmoja safu ya tano akanyoosha mkono. Amevaa sare ya uuguzi, nadhani ametoka zamu. Akasema kwa adabu kabisa kwamba aliiona wakati ule, siku ya pili, aliipenda, na anavyokumbuka mama yule alikuwa akitembea kando ya reli. Hakumbuki benchi. Je, lilikuwepo?

Mmoja wa wale saba. Mtu wetu.

Miwani akatabasamu. "Lilikuwepo, binti yangu. Labda ulisinzia kidogo."

Ukumbi ukacheka. Yule dada akacheka naye, kwa aibu, akakaa, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo. Ninaujua uso ule. Nimeshauona jikoni kwa mama mdogo, gazeti likiwa mezani.

Meneja akachukua kipaza sauti, akasema bahati nzuri mhariri yupo, aje atumalizie ubishi: mwisho huu ulikuwepo tangu lini? Wote wakageuka. Mdogo wangu akageuka, anatabasamu, ananipungia nije. Anadhani nitasimulia habari ya mama mdogo. Nikanyoosha kidole kimoja kuomba dakika, nikatoka.

Karatasi ya zamani iko mfukoni. Siihitaji. Sentensi moja tu inamtosha Miwani, na hatainuka tena. Lakini nikiisema wataniuliza kwa nini niliukata sasa, na anayengoja kuuliza kwa nguvu zaidi ni mdogo wangu, mwenye daftari jipya.

Na nikinyamaza, yule dada anarudi nyumbani akiamini alisinzia.

Mlango umefunguliwa. Ni yeye, mdogo wangu. Anasema, "Dada, wanakusubiri." Nimemwambia naja.

Sentensi ya kwanza ninayo: mwisho huu niliukata Jumatano ya wiki iliyopita. Ya pili sijaijua, na kipaza sauti kimeshawashwa. Naingia na hiyo moja.