Breki ya Kidudu cha Kifua Kikuu

Jumanne, Tindiga

Leo nimefundisha sayansi mpaka ng'ombe wametega masikio.

Mtani wangu Saidi kaacha dawa za kifua kikuu, eti kikohozi kimeisha. Nikampa somo nililopewa na mpwa wangu anayefanya kazi maabara: kidudu kina kimeng'enya, yaani protini ya kazi maalumu, cha kupeleka taarifa ndani yake, na kipande kimoja cha kimeng'enya hicho hicho ndicho breki. Kipande kikihisi hatari, breki inaachia, kidudu kinaambiwa kijifiche.

"Kimejificha, Saidi, hakijafa."

"Umeishia la saba wewe!"

"Basi kufa. Msibani nitakuigiza ulivyokuwa unakohoa mpaka mkeo acheke."

Akacheka, akapanda pikipiki yangu nimpeleke zahanati. Niliogopa kweli kwamba atakufa, sikumwambia.

Kule kameza dawa mbele ya nesi, akanipanulia mdomo nikague. Nimekagua kama daktari bingwa.