Chakula Alichonipikia Muthoni

Mjukuu wangu Njeri,

Huku Mbotela tu wazima. Goti la babu yako limepata nafuu, na mama yako alitutembelea Jumapili. Natumaini masomo huko Kisumu yanaendelea vizuri.

Umeniuliza kama kuacha chakula cha jioni kutakupunguza mwili kabla ya harusi ya binamu yako. Nitakujibu, ingawa naona haya.

Nikiwa msichana niliishi na dada yangu Muthoni. Alinipikia githeri ya mahindi na maharagwe na sukuma wiki kila siku. Nilitaka kukonda haraka niingie kwenye gauni moja, basi akigeuka tu, nawamwagia kuku wa jirani chakula changu. Jumapili moja nikazirai kwenye kwaya. Nilipozinduka, nilimsikia mama mmoja akisema, "Muthoni, hata mdogo wako unamnyima chakula?"

Muthoni alinitazama, akingoja niseme. Nikafumba macho tena.

Nyumbani hakunigombeza. Alipakua kidogo, akaketi kando yangu. "Kula hata kama ni kidogo. Sitoki hapa."

Tangu hapo nikala kwa kiasi, mboga zaidi, nikawa natembea kwenda kazini. Mwili ulipungua polepole, na haukunenepa tena. Kwa hivyo usilale njaa, Njeri.

Lakini kanisani sikuwahi kusema ukweli. Muthoni alihamia kanisa lingine, mimi nikaendelea kuimba. Sasa anaishi Njiru, tunaongea kila wiki, na hajanikumbusha hata siku moja.

Nakuombea heri,
Shosho yako