Mshale Ulielekea Ziwani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafunga mzigo nikarudi kwa mama yangu Katumba Songwe, maana hapa Lyulilo naitwa muuaji. Mume wangu Lutengano, kabla hajaondoka kubeba mizigo ya Wadachi, aliziba ufa wa mtumbwi wa baba yake akaniambia, mwambie baba vyungu anavyopeleka sokoni visizidi kumi, akasahau kwamba kwa mila yetu mkwe wa kike hamsemeshi baba mkwe wala hamtazami, na mama mkwe naye alikuwa kwa ndugu zake, basi nikakumbuka mstari wa namba tuliofundishwa misheni, mimi nikisikiliza nyuma ya mlango kwa kuwa baba mkwe alikaa ndani akisoma, nikauchora kwa mkaa kwenye ubao penye mtumbwi, sifuri kushoto, ishirini kulia, nukta iliyojazwa juu ya kumi, na mshale nikauelekeza kulia kwa sababu ziwa liko kulia na mtumbwi ndiko unakokwenda, baba akausoma, akapakia vyungu kumi na vinne, akazama mbele ya soko zima, akaopolewa ameng'ang'ania kasia, na sasa anasema nilitaka afe, nami siruhusiwi hata kukohoa mbele yake. Nifanyeje? Ndaga fijo, asante sana.

Neli, Lyulilo

Pole, Neli. Mzee yu hai, kwa hiyo nina ruhusa ya kukugombeza. Mshale wa hesabu haujui ziwa liko wapi! Kulia kuna namba kubwa, basi. Vyungu tuviite v. Mumeo alisema v ≤ 10, yaani kumi au pungufu. Wewe ukachora v ≥ 10, kumi au zaidi, ukamwamuru mzee wa watu ajaze mtumbwi mpaka uchoke. Nukta uliijaza vema, kwa kuwa kumi vyenyewe vinaruhusiwa. Ungeiacha wazi, hata kwa mshale wa kushoto angeishia tisa. Mstari uende kushoto, ukome kwenye sifuri. Nusu chungu usihesabu; hizo ziko ziwani.

Kwa mama yako huendi. Ukikimbia, umekiri. Futa mchoro ule leo, uchore wa kushoto. Mama mkwe akirudi, amwambie mumewe, tena palepale sokoni: "Mkweo alikosea mshale, anaomba radhi."

Na ujue hili. Mzee yule anaujua mtumbwi wake. Kwenye chungu cha kumi na moja alishaona maji yanapanda, akaendelea kupakia kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Hasira yake ni ya mtu aliyekuamini. Chora sawasawa, atausoma.