Rangi ya Chumba cha Shangazi

Dada Zawadi, natumaini mvua haijawaharibia maharage.

Niko kwa Shangazi, mtaani Shauri Moyo, mikono inanuka rangi. Asubuhi redio imetangaza kwamba rais wetu mpya wa huko nyumbani na mwenzake mpya wa ng'ambo ya mpaka watazungumza amani. Jirani akamjia Shangazi mbio: "Mathe, sasa unarudi kwenu!" Yeye akaendelea kukata mboga zake za sukuma. Marais waliopita walipotangaza hivyo hivyo, aliwaamini. Akagawa kitanda na sufuria zote, akafika mpakani akakuta pamefungwa.

Tangu akimbie vita amekataa kukipaka rangi chumba hiki, eti yeye ni mpita njia. Leo amenituma dukani, na tumepaka kuta zote nne.

Usimwambie Bibi huko nyumbani kwamba tumepaka. Mwache aendelee kumtandikia binti yake kitanda kila Jumapili.

Nawapenda,
mdogo wako Baraka